Mbao Kavu, kwa Hewa ya Wapi?

Mwezi Machi mlango wa paina Dodoma hung'ang'ania fremu, ukaufungua kwa bega. Mwezi Oktoba mlango uleule hulegea, kitasa kinacheza, na kando ya paneli unatokea mstari mweupe wa mbao isiyoguswa na vanishi, pale paneli ilipojivuta kutoka kwenye mfereji wake. Fundi analaumiwa mara mbili kwa kosa moja. Aliambiwa mbao ni kavu akakubali. Au alichomeka mita ya unyevu, akaona namba, akaiandika bila kuihoji.

Kipima unyevu cha mkononi si kifaa cha maabara tena. Kinaingia mfuko wa koti, kinatumia betri ndogo, na fundi wa kawaida anaweza kukimudu. Tatizo ni kwamba kinatoa jibu haraka mno. Unabonyeza, kinasema 12, na kila aliyesimama pale anatikisa kichwa kukubali. Mjuzi wa mbao hutambulika kwa anayofanya kabla ya kubonyeza na baada ya kuona namba, kwa sababu namba peke yake haijasema kama ubao ule unakufaa wewe, kwa kazi ile, katika nyumba ile.

Tuanze na maana ya namba yenyewe. Asilimia inayosomwa ni uzito wa maji yaliyomo ukilinganishwa na uzito wa mbao ikiwa haina maji kabisa. Ubao wenye kilo 10 za mbao tupu na kilo 1 ya maji una asilimia 9 hivi? Hapana, una 10. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya ubao mbichi wa paina, uliotoka kwenye msumeno asubuhi, uweze kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100: maji yana uzito kuliko mbao iliyoyabeba. Maji hayo hutoka kwa awamu mbili. Kwanza yanaondoka yale yaliyo huru ndani ya vitundu vidogo sana vya mbao, na ubao hupungua uzito tu. Ukifika 30 hivi, vitundu viko tupu na maji yaliyobaki ni yale yaliyonaswa ndani ya kuta zake. Hapo ndipo ubao unapoanza kusinyaa, kupinda na kupasuka. Kila kinachomhusu seremala kinatokea chini ya 30.

Kiwango ambacho ubao unaishia kukauka hakitegemei muda uliokaa yadi. Kinategemea hewa. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huituliza mbao kwenye 16 hivi; hewa ya 65 kwenye 12; hewa ya 50 kwenye 9; hewa ya 40 kwenye 7 na nusu. Ukiiacha miaka kumi kwenye hewa ileile haitashuka zaidi, na ukiihamisha itaanza safari nyingine.

Sasa iangalie Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi. Mchana wa Septemba na Oktoba unyevu wa hewa mara nyingi uko chini ya asilimia 40, ingawa usiku hupanda. Ubao mnene haufuati kila saa; unashika wastani. Ndani ya nyumba ya kawaida hapa utakuta mbao zimetulia kwenye 8 hadi 10 wakati wa kiangazi, na 12 au 13 masika yakiwa yamekolea. Dar es Salaam mbao zilezile zingekaa kwenye 14 na kuendelea.

Ndiyo maana muuzaji akisema "kavu hii, bosi", swali la kumrudishia ni kavu kwa hewa ya wapi. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, samani nyingi zilizoundwa kwa hewa ya pwani zilianza kupanda bara. Chukua meza ya paina yenye uso wa upana wa milimita 900, iliyogandishwa ikiwa na unyevu wa 14. Paina iliyopasuliwa kwa ubapa husinyaa karibu robo ya asilimia ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Ikishuka hadi 9 imepoteza tano, yaani zaidi ya sentimita moja ya upana. Kama fundi aliifunga kwa skrubu kwenye fremu isiyoiachia nafasi ya kutembea, sentimita hiyo itatafutwa mahali pengine, na mahali penyewe ni ufa katikati ya meza. Meza haikuwa mbovu. Ilipimwa kwa kipimo cha mji mwingine. Na ofisi za serikali za Mtumba zenye viyoyozi huisukuma chini zaidi, kwa kuwa kiyoyozi nacho hunyonya unyevu wa hewa.

Kwa hiyo malengo yangu kwa Dodoma ni haya: samani za ndani na paneli za milango, 9 hadi 11; fremu za milango na madirisha, hadi 12; kenchi na papi za paa, chini ya 18 inatosha, maana hapo hofu kubwa ni kuvu, na kuvu haioti kwenye mbao iliyo chini ya 20. Vitabu vingi vya mbao hutaja 12 kwa sababu ndiyo namba iliyochaguliwa ili mbao za nchi mbalimbali zilinganishwe uzito na nguvu. Ni namba nzuri ya kulinganishia. Kwa kabati la Dodoma ni kubwa kidogo.

Mita ziko za namna mbili, na ni vyema kuujua udhaifu wa kila moja kabla ya kuinunua.

Ya kwanza ni ya sindano. Inapitisha umeme kidogo mno kutoka sindano moja hadi nyingine na kupima jinsi mbao inavyoukinza. Alfred Stamm, mkemia wa maabara ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, alieleza mwaka 1927 jinsi ukinzani huo unavyoweza kutumika kupima unyevu, na mita za leo bado zinafanya kazi ileile kwa umbo dogo. Uzuri wake ni kwamba tofauti ni kubwa ajabu. Kwenye mti wa Douglas fir, ambao watengenezaji wengi wanautumia kuwekea alama mita zao, unyevu wa 20 hutoa ukinzani wa omu milioni 2 hivi. Wa 12, omu milioni 120. Wa 7, zaidi ya omu milioni 22,000. Hapo mwishoni ndipo penye shida inayotuhusu sisi wa nyanda kavu. Ukinzani ukiwa mkubwa kiasi hicho, jasho la kidole lililokauka kwenye plastiki katikati ya sindano, likichanganyika na vumbi la Dodoma, linaweza kupitisha umeme kuliko ubao wenyewe. Mita inasoma uchafu wake. Futa kichwa cha mita kwa kitambaa safi kikavu kila unapoanza kazi, na usiamini namba yoyote iliyo chini ya 6. Vivyo hivyo juu: namba ikipita 28 au 30, kioo kikikuandikia 45 au 60 kielewe kinasema "mbichi" tu. Muuzaji anayebishana kama ni 45 au 50 hajui anachokishika.

Ya pili ni ya bamba. Haichomi. Unaibandika juu ya ubao, nayo inatuma mawimbi ya umeme ndani na kuhisi maji yanavyoyapokea. Ni ya haraka na haiachi matundu, na kwa uso wa meza ya mninga uliokwisha kupigwa msasa hiyo ndiyo utakayoruhusiwa kutumia. Lakini inahisi kila kilichomo, mbao pamoja na maji, kwa hiyo uzito wa mti unaingia kwenye jibu. Iweke kwenye kipimo cha mbao laini, kisha ibandike kwenye kipande cha mpingo kilichokauka miaka: itakuambia ni kibichi, kwa sababu mpingo una uzito unaopita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Lazima ujue uzito wa mti wako na uurekebishe kwenye mita. Ubao uwe umenyooka na kupigwa randa; bonde dogo chini ya bamba linashusha namba. Tena ubao ukiwa mwembamba, mita inasoma mpaka kilichopo chini yake. Nimeona ubao wa inchi moja ukipimwa juu ya meza ya chuma, na namba ikapaa hadi watu wakacheka. Uinue, uuache hewani juu ya vijiti viwili, ndipo upime.

Nikiulizwa "ninunue ipi?", kwa anayenunua mbao yadini jibu langu ni ya sindano, tena yenye sindano ndefu zilizovikwa plastiki hadi karibu na ncha, zinazopigwa kwa nyundo yake. Sababu iko ndani ya ubao.

Paina nyingi inayofika Dodoma imetoka Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka, ikapasuliwa Mafinga au huko huko porini kwa mashine ndogo za ding dong. Kule ni juu, ni baridi, ukungu hauishi. Mbao hupakiwa zikiwa mbichi, zikapita Iringa na Mtera, kilomita kama 260 kutoka Iringa hadi hapa, na kushushwa kwenye hewa nyingine kabisa. Upepo wa Agosti unaupiga ubao uso kwa uso. Ngozi ya nje hukauka kwa siku chache, inataka kusinyaa, lakini ndani bado kumejaa na hakuruhusu. Matokeo ni nyufa ndogo za usoni, na ubao ambao kwa nje ni 10 na katikati ni 22. Ukiupasua katikati kutengeneza fremu, vipande viwili vinajipinda mbele ya macho yako, msumeno ukiwa bado unanguruma.

Mita ya bei ya chini yenye sindano fupi zisizovikwa kitu inapotoshwa hapa kwa namna mbili. Umeme hufuata njia iliyo rahisi, na njia rahisi ni yenye maji. Wakati wa kiangazi, sindano zikiingia milimita 8 tu kwenye ubao wa inchi mbili, zinasoma unyevu wa pale ncha ilipofika, na katikati hapajaguswa. Masika yakianza, ubao mkavu vizuri ulioloweshwa na mvua ya jana unasoma uso wake uliolowa na kuonekana mbichi. Sindano zilizovikwa husoma nchani tu, hivyo unaweza kushuka nazo hatua kwa hatua: milimita 5, kisha 12, kisha katikati, ukiandika kila namba. Wataalamu wa ukaushaji huchoma hadi robo au sehemu ya tano ya unene ili kupata wastani wa ubao mzima. Kwa inchi mbili hiyo ni milimita 10 hadi 12. Mimi huutazama zaidi mteremko kati ya namba ya juu na ya katikati. Tofauti ikiwa chini ya 2, ubao umetulia. Ikiwa 3 au 4, unahitaji kukaa. Ikizidi hapo, mwachie mwenye yadi mbao zake, hata kama wastani unapendeza.

Mahali pa kuchoma napo pana adabu yake. Usichome kichwani mwa ubao wala karibu na kichwa, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha. Ingia nusu mita ndani. Epuka vifundo, epuka utomvu, epuka sehemu iliyopasuka. Kama ubao umenyeshewa au hukuuona jana ulikuwa wapi, omba ukatwe, upime uso mpya ndani ya dakika moja. Lipia ubao huo. Ni gharama ndogo kuliko milango sita. Kuhusu kuchoma kwa kufuata nyuzi au kuzikata, soma karatasi ya mita yako na ufuate. Chini ya 15 tofauti haina uzito, ila mbao ikiwa mbichi inaonekana.

Joto nalo. Alama za mita nyingi zimewekwa kwa mbao yenye nyuzi 20. Mbao ikiwa ya moto hupitisha umeme vizuri zaidi, na mita inadhani kuna maji. Kwa mbao iliyo karibu na 12, hesabu ya kutembea nayo ni kuondoa 1 kwa kila nyuzi 10 juu ya 20. Chini ya paa la bati saa saba mchana mwezi Novemba, ubao ukifika nyuzi 40, namba 13 maana yake ni 11. Kinyume chake asubuhi za Juni na Julai, ambapo Dodoma hupoa kweli, ubao hudanganya kwa upande wa pili na kujionyesha mkavu kuliko ulivyo. Kilicho muhimu ni joto la mbao, si la hewa. Uguse kwa kiganja kwanza. Mita ghali zina kitufe cha kurekebisha joto, na wengi walio nazo hawajawahi kukibonyeza.

Kisha mti wenyewe. Kila mti una namna yake ya kupitisha umeme, na mita nzuri huja na orodha ya marekebisho. Miti ya Ulaya na Marekani itakuwemo yote. Ya kwetu utapata michache, labda mtiki, mvule na mkangazi. Anayetaka kuijua tabia ya kila mti wa biashara hapa nchini, kitabu cha J. M. Bryce kilichotoka Moshi mwaka 1967 bado ni cha kutafutwa.

Mninga unaopanda lori kutoka Tabora na Katavi ni mbao ya kusamehe. Kutoka ubichi hadi ukavu husinyaa kwa chini ya nusu ya paina, haupindi ovyo, na ndiyo maana wazee walioupenda hawakuwahi kuhitaji mita. Lakini usamehevu huo umewalevya watu: mninga mbichi unauzwa kwa jina lake tu, kiti kinagandishwa, na baada ya miezi sita miguu inatikisika, kwa sababu ulimi wa kiungo umesinyaa ndani ya tundu. Mti husamehe upana wa ubao, hausamehi kiungo kilichobanwa kwa gundi. Mkongo ni wa tabia hiyo hiyo, mzito zaidi, unaokauka polepole. Mkaratusi, mlingoti kwa watu wa Iringa na Njombe, ni kinyume cha yote: unasinyaa sana, unapasuka, na ukikaushwa kwa pupa vitundu vyake vya ndani hubonyea hadi ubao unakunjamana usoni. Ukiona mawimbi usoni mwa ubao wa mkaratusi, mita ya nini tena? Rudisha. Mpingo ni somo la pekee. Wanaoutumia kwa klarineti huukata vipande vifupi, huziba ncha kwa nta na kuusubiri kwa miaka, na upepo wetu wa kiangazi ukiukuta haujazibwa unaupasua hadi kiini.

Na zile paina zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa, usizipime kwa sindano ukaamini. Dawa hizo zina chumvi za shaba, chumvi hupitisha umeme, namba hupanda. Unaweza kukataa mzigo mzuri kwa sababu hiyo. Ukizihitaji kwa paa, na kwa mchwa wa Dodoma utazihitaji, tumia mizani nitakayoieleza baadaye.

Fundi mzee asiye na mita atakuambia anajua kwa mkono, na kwa kiasi kikubwa anasema kweli. Anainua mbao mbili za mti mmoja na saizi moja. Nzito ndiyo mbichi. Anagonga kwa kifundo cha kidole. Kavu hulia, mbichi hujibu kwa mvumo mzito. Anaweka uso wa mbao shavuni, ile inayotoa maji huwa ya baridi. Anapitisha randa na kuyatazama maranda: ya mbao mbichi hutoka marefu na laini, ya kavu huvunjika ukiyafumbata. Kwa kuchagua ubao mbichi kuliko wote ndani ya rundo, huyu mzee atamshinda kijana mwenye mita, na atamaliza kijana akiwa bado anatafuta betri. Asichoweza ni kutofautisha 11 na 14, na tofauti hiyo ni zaidi ya nusu sentimita ya meza yetu. Mpe heshima yake, acha achague, kisha pima alizochagua.

Ukiwa yadini, mtazame anayeuza kuliko unavyotazama kioo. Anayechomeka sindano kwenye ubao wa juu kabisa wa rundo, uliopigwa na jua tangu asubuhi, tena karibu na ncha, anakuonyesha anachotaka uone. Anayevuta ubao kutoka katikati ya rundo bila kuombwa anazijua mbao zake. Angalia zilivyopangwa: zimetenganishwa kwa vijiti vilivyonyooka mstari mmoja kutoka chini hadi juu, ziko kivulini, ncha zimepakwa rangi au nta? Au zimelaliana bapa kwa bapa, katikati kukiwa na madoa ya buluu ya kuvu? Mashine za ding dong mara nyingi hutoa ubao mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na ubao wa namna hiyo hukauka kwa kasi mbili. Alama ya nyundo ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kichwani inakuhakikishia kwamba mbao imepita kihalali. Kuhusu maji haisemi kitu.

Pima mbao kumi, si moja. Rundo lenye 13, 13, 12, 13, 14 ni bora kwangu kuliko lenye 8, 15, 9, 14, 10, ingawa wastani wa hili la pili uko karibu na ninachokitaka. La kwanza nitalipeleka karakana, nilipange kwa vijiti mbali na mlango unaoingiza upepo, niweke mawe juu, na lote litashuka pamoja. La pili ni mbao za mizigo tofauti zilizochanganywa. Nikizigandisha ubavu kwa ubavu, kila moja itaenda njia yake na gundi ndiyo itakayolipa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Dodoma hupoteza fedha: wanadai wastani mdogo, na muuzaji anawapa wastani.

Andika pia mwezi. Paneli iliyosoma 9 mwezi Oktoba iachie nafasi ya kuvimba ndani ya mfereji. Iliyosoma 13 mwezi Machi isukume hadi karibu na mwisho, na uipake vanishi kabla ya kuiingiza. Namba bila mwezi ni nusu ya taarifa.

Mwamuzi wa mita yoyote ni mizani na oveni, na havihitaji maabara. Kata kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita mbili na nusu kwa kufuata nyuzi, kutoka nusu mita ndani ya ubao, mara tu baada ya kukipima ubavuni kwa mita. Kifute vumbi, kipime papo hapo kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, usipite sana hapo kisije kikaungua, kikae usiku kucha na mchana wake. Kipime, kirudishe saa mbili tatu, kipime tena, mpaka uzito usishuke. Tuseme kilianza na gramu 86.4 na kuishia 77.1: maji yalikuwa 9.3, gawanya kwa 77.1, unyevu ulikuwa 12 na ushee. Kama mita ilisema 14 na joto umelirekebisha, basi kwa mti huo mita yako huzidisha 2.

Rudia kwa vipande vya mbao nyingine za mti uleule, vingine vikiwa vikavu zaidi na vingine kidogo, kisha fanya hivyo kwa kila mti unaoununua mara kwa mara, pamoja na paina ya kijani. Marekebisho hayo yaandike kwenye karatasi ngumu na uifunge kwa mita: mninga, mkongo, mkaratusi, paina ya dawa, kila mmoja na namba yake. Mita ikibadilishwa, karatasi hiyo haifai tena. Betri ikibadilishwa, pima kipande kimoja unachokijua kabla hujaenda yadini.